Je, DJ Apige Zilipendwa Katikati ya Singeli?

Mwaka jana nilihudhuria shughuli moja ya mtaani, upande wa Mbagala. Turubai limefungwa barabarani kama kawaida, spika zimepangwa kama ukuta, bajaji zinatafuta pa kupitia. DJ alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Tangu saa tatu usiku alikuwa anashindilia singeli bila huruma, mtu hupati hata nafasi ya kumeza soda. Halafu, kwenye saa tano hivi, akafanya kitu ambacho sijawahi kuona DJ wa umri wake akikifanya. Kipande kimoja cha kinanda kilikuwa kinajirudia mbio mbio ndani ya singeli. Akaikata ngoma, akaacha kimya kama sekunde mbili, kisha akaweka taarabu ya miaka ya tisini ambamo kipande kile kilitolewa. Mwendo wake wa asili. Kinanda kile kile, ila sasa kinatembea badala ya kukimbia.

Akina mama waliokuwa wamekaa pembeni wamechoka wakanyanyuka kwa pamoja, noti mkononi, wakaenda kumtunza mama wa bibi harusi. Vijana wakasimama wima. Mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe ndo hii!" Na mwenzake, kwa hasira ya kweli kabisa: "We DJ unatuua! Rudisha mzigo!"

Tangu usiku ule nimekuwa nikiwasikiliza wale vijana wawili kichwani mwangu, na kusema ukweli sikuwa na haraka ya kumpa ushindi yeyote. Yule wa "kumbe" alikuwa ameonyeshwa kitu. Yule wa "rudisha mzigo" alikuwa amekatiwa raha yake, na mtu aliyechanga pesa ya shughuli ana haki ya kucheza. Lakini swali lenyewe, kama DJ anayepiga muziki mpya wa mashine anapaswa kuchanganya na rekodi za zamani, si la Mbagala peke yake. Ili nilijibu inabidi nitoke kwanza Dar es Salaam niende Chicago, kwa sababu muziki wa kielektroniki wa klabu unaoitwa house una anwani na una miaka, na ulizaliwa katikati ya ugomvi unaofanana na huu.

Mwaka 1977 kilifunguliwa Chicago ukumbi ulioitwa Warehouse, yaani ghala, na kweli lilikuwa jengo la namna hiyo. Mwenyewe, Robert Williams, alimleta DJ kutoka New York, kijana aitwaye Frankie Knuckles. Wateja walikuwa hasa Weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu ambao kumbi nyingine za mji hazikuwa na habari nao. Knuckles alipiga disko na soul. Hakuna ajabu hapo. Ndiyo muziki uliokuwepo.

Ajabu ilianza tarehe 12 Julai 1979. Kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mji huo huo, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliitisha usiku wa kuangamiza disko. Ukija na santuri ya disko unaingia kwa senti 98. Wakajaa watu kama 50,000, santuri zikarundikwa kwenye kisanduku katikati ya uwanja zikalipuliwa, watu wakavamia uwanja, na mechi ya pili ya usiku ule haikuchezwa tena. Mmoja wa vijana waliokuwa wakifanya kazi ya kuelekeza watu kwenye viti alikuwa Vince Lawrence, Mweusi, aliyekuwa akidunduliza pesa za kununua kinanda cha kielektroniki. Baadaye amesimulia mara nyingi kwamba santuri nyingi zilizoletwa kuchomwa hazikuwa disko hata kidogo. Zilikuwa tu za wanamuziki Weusi.

Baada ya hapo kampuni kubwa za muziki zikaikimbia disko kama mtu anayekana ndugu mbele ya polisi. Sasa mfikirie Knuckles. Ukumbi bado unajaa kila Jumamosi, watu wanataka kucheza hadi asubuhi, lakini santuri mpya za aina wanayoipenda zinapungua. Afanye nini? Akarudi kwenye za zamani. Akazihamishia kwenye kanda, akazikata kwa wembe, akarefusha sehemu ya ngoma, akarudisha kiitikio pale palipomfaa. Baadaye akanunua mashine ya ngoma, Roland TR-909, kutoka kwa Derrick May wa Detroit, akawa anaipigisha chini ya nyimbo za zamani ili mdundo uzidi kushika kifua. Wimbo wa zamani juu, mashine mpya chini. Wasikilizaji wakazoea kuusikia ule mchanganyiko kama kitu kimoja, na wengi husema neno "house" lenyewe ni mkato wa jina la ule ukumbi.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. DJ mwingine wa Chicago, Jesse Saunders, alikuwa na santuri moja ya magendo, ya kikundi kilichojiita Mach, iliyounganishwa kwa vipande vya nyimbo za watu wengine. Ndiyo iliyokuwa alama yake. Watu wakiisikia wanajua Jesse yuko mezani. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku moja santuri zake zikaibiwa, na ile ikiwemo. Badala ya kulia, akakaa na mashine zake, akishirikiana na Vince Lawrence yule yule wa uwanjani, wakatengeneza toleo lao. Ikatoka mwaka 1984 kwa jina lile lile, "On and On", na wengi huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya house kuuzwa madukani.

Yaani muziki tunaouita wa kesho ulianza kwa mtu kujaribu kuziba pengo la santuri kuukuu iliyoibiwa. Kwa hiyo DJ wa leo akiniambia kwamba ya zamani haiingiliani na ya mashine, namuuliza tu: hiyo mashine unadhani ilifundishwa na nani kutembea?

Lakini sitaki kuwapa wazee wenzangu kichwa. Iko historia ya upande wa pili pia. Kaskazini mwa Uingereza, miaka ile ile ya sabini, vijana wa viwandani walijenga utamaduni mzima juu ya santuri za soul za Marekani za miaka ya sitini, hasa zile zilizokataliwa sokoni. Ukumbi wao mkubwa, Wigan Casino, ulifunguliwa 1973 ukafungwa 1981, na ulijulikana kwa kumalizia usiku kwa nyimbo tatu zile zile. Katika mji jirani wa Blackpool, DJ Ian Levine alipoanza kuingiza nyimbo mpya, yakatoka mabango ya kutaka aondoke. Watu wenye masikio mazuri kiasi kile, wanaovuka nchi usiku kutafuta wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, wakafika mahali pa kukasirishwa na wimbo kwa kuwa ni mpya.

Na sisi tunayo Wigan yetu. Inaitwa zilipendwa. Hebu litazame neno lenyewe, nyie wapenzi wa lugha. Hatukusema "zinapendwa". Kile kiambishi -li- kimeshafunga mlango na kuzima taa. Nyimbo zimewekwa kwenye kipindi chao, Jumapili mchana, zikiletwa na mtangazaji mwenye sauti ya msibani, na kila mara ni zile zile kumi: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, halafu tunarudi kwa Mbaraka. Watu wakubwa hawa, sina neno nao. Ila Mbaraka alifariki kwa ajali Januari 1979 akiwa na kazi nyingi mno kuliko hizo mbili tatu tunazomzungushia. Ukimpigia kijana wa singeli nyimbo hizo kwa mtindo huo, kama mtihani wa heshima, ana haki ya kudai mzigo wake.

Tatizo linaanzia mbali kidogo, kwenye namna muziki wetu ulivyohifadhiwa. Bendi za dansi na vikundi vya taarabu vya Tanzania vilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na RTD haikuwa kampuni ya kuuza santuri. Ilirekodi ili irushe. Wimbo ukishaingia kwenye kanda, unaishi hewani na kabatini. Santuri zilichapwa Nairobi, ambako bendi nyingi zilisafiri kwenda kurekodi, na mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika mpaka ukafungwa mpaka 1983. Kwa hiyo DJ wa Dar hakurithi sanduku la santuri kama wale wa Chicago. Alirithi redio ya baba yake na kanda zilizorekodiwa kutoka hewani, na sauti ya mtangazaji ikiwa imekalia mwanzo wa wimbo.

Hata hizo santuri chache zilikuwa na jambo lake. Zile ndogo zilibeba wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, taratibu, mwimbaji anakueleza shida zake; ukigeuza, upande wa pili magitaa yanapanda, ndiyo sebene, ndiyo chemko. Madiski joka wa wakati ule, kama walivyoitwa, walijua upande upi unaamsha watu. Wengi walianzia hapo hapo upande wa pili. Unaona? Tabia ya kuruka maneno na kwenda moja kwa moja kwenye mdundo haikuletwa na watoto wa Mbagala. Baba zao waliifanya kwa mkono.

Singeli iliibuka uswahilini Dar, sehemu kama Manzese na Tandale, ikakulia kwenye vigodoro, zile sherehe za kukesha. Watengenezaji walichukua taarabu ya kisasa, ile ya vinanda iliyotawala miaka ya tisini wakati TOT ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis zinarushiana mipasho, wakakata vipande vya muziki mtupu, wakavizungusha na kuvikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Juu yake MC anamwaga maneno. Kufikia 2016 Man Fongo alikuwa anasikika nchi nzima, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, ndipo Ulaya nao wakaanza kuruka. Nawaheshimu sana vijana hawa. Walichofanya Knuckles kwa wembe na kanda, wao wamefanya kwa kompyuta moja na umeme wa luku.

Sasa hapa nataka msomaji wa fasihi anisikilize. Ukiangalia ni wapi walipokata, karibu kila mara ni katikati ya beti, pale mwimbaji anaponyamaza na kinanda kinazungumza. Sababu ni ya kiufundi tu: sauti ya mtu ukiikimbiza namna ile inageuka ya panya. Lakini matokeo yake ni makubwa. Taarabu ni shairi kwanza. Ina mizani, ina vina, ina fumbo ambalo aliyelengwa analijua na asiyelengwa anacheka bila kujua anacheka nini. Tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, kilichouzwa kilikuwa maneno yaliyovikwa muziki. Singeli imechukua nguo ikaacha mwili. Siilaumu, maana MC naye ana mwili wake: kodi ya nyumba, njaa, mapenzi ya kukopa, na baadhi yao ni washairi kuliko wengi wanaojiita hivyo kwenye kurasa kama hizi. Ila lile shairi la kwanza sasa haliko popote pale ambapo vijana wako.

Ndiyo maana nimeegemea upande wa yule DJ. Si kwa ajili ya heshima kwa wazee. Heshima ina sehemu zake. Ni kwa sababu yeye peke yake ndiye mwenye nafasi ya kuuweka wimbo mzima karibu na kipande chake, usiku ule ule, spika zile zile, ili sikio lenyewe liunganishe. Redio haiwezi, imeshawatenganisha kwa vipindi. Mitandao nayo inakupa kinachofanana na ulichosikia jana.

Na kiufundi inawezekana kuliko wanavyosema. Singeli ya mapigo 210 na dansi ya mapigo 105 ni mtu na nusu yake: pigo moja la wazee linabeba mawili ya vijana, kama mtoto mgongoni. Huna haja ya kuikimbiza wala kuizuia. Ugumu uko kwingine. Bendi zile zilirekodi zote pamoja, chumba kimoja, hakuna saa ya mashine. Mpiga ngoma akipata moto anaongeza mwendo, na wimbo unaoanza na 105 unaweza kufika sebene uko 112. DJ aliyezoea kompyuta impangie kila kitu ataachwa barabarani. Inabidi mkono ukae kwenye kitufe cha mwendo muda wote, unamfuata marehemu anakokwenda. Wachache wanajua kufanya hivyo, na nadhani wengi wanaosema "za zamani zinaua ukumbi" wana maana kwamba zinawashinda wao. Yule kijana wa Mbagala hakujaribu hata kuunganisha, alikata tu na kuacha kimya. Ilikuwa hatari, na kwa dakika moja hivi ukumbi kweli ulimponyoka.

Nilimweleza kisa hiki jirani yangu mmoja, mzee aliyepiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu miaka hiyo. Nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umekuja na spika?"

Nilikuwa nimebeba spika ndogo ya simu. Nikampigia ile singeli. Nilitegemea moja kati ya mawili: akasirike kwamba hajalipwa, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na yeye hajawahi kuona shilingi ya kipande kile, au atabasamu kwa fahari. Akasikiliza kichwa kimeinama. Mkono wake wa kulia ukawa unagusagusa goti, unajaribu kufikia mwendo ule, unashindwa, unajaribu tena.

"Vidole vyangu hivi," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini mwanangu, wamekata pabaya."

"Pabaya vipi?"

"Hapo nilikosea. Sikia. Hiyo noti ya tatu. Tulikuwa tunarekodi moja kwa moja, hakuna kurudia, kanda ilikuwa ya mgao. Nikaigusa pembeni." Akaniomba nirudishe. Kosa likapita, likapita, likapita, labda mara arobaini ndani ya dakika moja, na kila lilipopita alifumba macho kidogo kama mtu anayepigwa na vumbi.

Nikamuuliza kama angependa nimwambie yule DJ aache kuipiga.

"Aache kwa nini? Watoto wanacheza." Akafikiri. "Mwambie akiweka hii, na ile yetu aiweke. Lakini asiikate mapema. Ubeti wa pili ukiisha, kinanda kinarudi pale pale, na safari hiyo nimeipiga sawa."

Namba ya DJ nilikuwa nayo kwenye simu. Nikamtumia ujumbe pale pale barazani, mzee akisimamia maneno. Jibu likaja usiku wa manane, bila shaka akiwa kazini: anauliza kama mzee anayo kanda ya wimbo mzima, maana yeye anayo ile nusu tu aliyoikuta mtandaoni, na inaishia kabla ya ubeti wa pili.